Sindano Inayosoma na Kuandika: Je, Chombo cha Kupimia Huumba Ukweli?



Kwetu Kahama, swali la nani amepima na amepima kwa chombo gani si swali la darasani peke yake. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirishwa nje ya nchi kwa mchanga wa madini, ambao wengi tuliuzoea kwa jina la makinikia, uliokuwa ukitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwezi Mei mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa matokeo ya vipimo vyake, na kampuni ya Acacia iliyoendesha migodi hiyo ikayapinga. Mwishowe mzozo ulimalizwa kwa mazungumzo. Barrick iliinunua Acacia yote mwaka 2019, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Mgodi wa Buzwagi wenyewe, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, sasa umefungwa.

Makala hii haikusudii kuufufua mzozo ule. Inakusudia kuchunguza wazo ambalo mizozo ya namna hiyo huliacha nyuma: kwamba ukweli ni wa mwenye mashine. Kwa mujibu wa wazo hilo, kilicho ndani ya jiwe hakijulikani kamwe. Kinachojulikana ni majibu ya wapimaji, na jibu la mwenye nguvu ndilo linaloitwa ukweli. Wazo hili likikubaliwa, haliishii kwenye dhahabu. Litafika mahakamani, hospitalini, na hata kwenye katekesi.

Njia nzuri ya kulijaribu wazo ni kulipeleka mahali ambapo linaonekana kuwa na nguvu zaidi. Kipo chombo cha sayansi ambacho kweli hukibadilisha kile kinachokipima. Ni hadubini yenye sindano, ambayo husoma mpangilio wa umeme ndani ya tando nyembamba sana, na kwa sindano ileile huuandika upya. Tukiona jinsi wanasayansi wanavyoweza kuujua ukweli hata kwa chombo kama hicho, tutakuwa na jibu kwa wale wanaosema kwamba kupima ni kuumba.

Tuanze na jiwe jeupe

Anayeijua migodi ya Kahama na Geita analijua jiwe jeupe. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi huambatana na mishipa ya kwatzi, jiwe gumu, jeupe au lenye kung'aa kama kioo, ambalo mchimbaji mdogo hulisaga kwenye karasha kabla ya kuchenjua. Kwatzi imejengwa kwa silikoni na oksijeni, na atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia. Kitu kilichopangwa hivyo huitwa fuwele.

Watu wa Kanisa wana historia ndefu na fuwele. Mwaka 1669 Niels Stensen wa Denmark, ajulikanaye pia kama Nicolaus Steno, alionyesha kwamba fuwele za kwatzi, ziwe kubwa au ndogo, zina pembe zilezile kati ya nyuso zake zinazolingana. Alikuwa ameingia Kanisa Katoliki miaka miwili kabla ya hapo. Baadaye akawa padre, kisha askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri. Padre Mfaransa René Just Haüy (1743–1822), mmoja wa waasisi wa elimu ya fuwele, aliendeleza kazi hiyo kwa kufundisha kwamba umbo la nje la fuwele hutokana na mpangilio wa vijipande vidogo vya ndani vinavyofanana.

Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua jambo jingine. Ukikibana kipande cha kwatzi kilichokatwa kwa mwelekeo unaofaa, chaji za umeme hutokea kwenye nyuso zake. Muda mfupi baadaye wakathibitisha na upande wa pili: ukikitia umeme, kipande hicho hubadilika umbo kidogo. Tabia hii huitwa piezoelektriki. Ndiyo inayoendesha saa nyingi za mkononi, ambamo kipande kidogo cha kwatzi hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walipendekeza hata kwamba matetemeko ya ardhi yanapoibana kwatzi chini ya miamba, umeme unaotokea unaweza kusaidia dhahabu iliyoyeyuka katika maji ya huko chini kujikusanya juu ya jiwe hilo.

Lakini kwatzi haina kumbukumbu. Ukiacha kuibana, au ukiuondoa umeme, inarudi kama ilivyokuwa. Ili tuifikie sindano yetu, tunahitaji fuwele inayokumbuka.

Fuwele zinazokumbuka

Mwaka 1920 Joseph Valasek, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alionyesha kwamba fuwele za chumvi ya Rochelle zina umeme wa ndani wenye mwelekeo. Alionyesha pia kwamba mwelekeo huo unaweza kugeuzwa kwa umeme wa nje, nao ukabaki umegeuka. Maada za namna hii huitwa feroelektriki. Tunaosoma Kilatini tutalitambua neno *ferrum*, yaani chuma. Hata hivyo, jina hilo halimaanishi kwamba lazima ziwe na chuma ndani. Limetolewa kwa sababu zinafanana na sumaku ya chuma: kama sumaku inavyokumbuka upande wa ncha zake, maada hizi hukumbuka upande wa umeme wake.

Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni bariamu titaneti. Fikiri chumba cha umbo la mchemraba chenye upana wa sehemu nne za kumi za nanometa. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unene wa unywele wa mtu ni takribani nanometa 80,000. Katika kila pembe ya chumba hicho kuna atomu ya bariamu, katikati ya kila ukuta kuna oksijeni, na ndani kabisa kuna titani. Joto likizidi takribani nyuzi 120 za selsiasi, titani hukaa katikati kabisa. Likishuka chini ya hapo, titani husogea upande mmoja kwa umbali wa takribani sehemu moja ya mia ya nanometa. Kwa kuwa titani ina chaji chanya na oksijeni ina chaji hasi, upande mmoja wa chumba unakuwa chanya kidogo na wa pili hasi kidogo. Mwelekeo huo wa umeme wa ndani ndio wanasayansi wanaouita polaraizesheni.

Fuwele moja ina mabilioni ya vyumba hivyo, na chumba hufuata mwelekeo wa jirani yake. Eneo ambalo vyumba vyake vyote vimeelekea upande mmoja huitwa domeini. Unaweza kuifananisha na kitongoji ambacho nyumba zake zote zimeelekeza milango mashariki, kikipakana na kingine ambacho milango yote imeelekea magharibi. Mpaka kati ya domeini mbili huitwa ukuta wa domeini, na katika maada nyingi hizi ukuta huo una unene wa nanometa chache tu au pungufu.

Domeini hutokea kwa sababu ya gharama za nishati. Fuwele yote ikielekea upande mmoja, chaji nyingi hujikusanya kwenye uso wake, na hiyo ni gharama. Ikijigawa katika domeini za juu na chini, gharama hiyo hupungua. Lakini kila ukuta mpya nao una gharama yake. Mpangilio tunaoukuta katika fuwele ni mapatano kati ya gharama hizo mbili.

Wahandisi huzitengeneza maada hizi kuwa tando zenye unene wa makumi ya nanometa, zikiwa zimelazwa juu ya tabaka linalopitisha umeme. Utando mwembamba hugeuzwa kwa volti chache tu. Mwelekeo wa juu unaweza kusimama badala ya moja, na wa chini badala ya sifuri, na alama hizo hubaki hata umeme ukikatika. Aliyewahi kupoteza kazi yake kwenye kompyuta kwa sababu umeme ulikatika anaelewa mara moja faida ya kumbukumbu ya namna hiyo.

Sindano inavyosoma

Domeini zenye upana wa makumi ya nanometa hazionekani kwa hadubini ya kawaida ya shuleni, kwa kuwa mawimbi ya mwanga unaoonekana ni marefu kuliko domeini hizo. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, walitengeneza hadubini isiyotegemea mwanga bali sindano kali inayopita karibu sana na uso wa kitu. Mwaka 1986 walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini ya pili, ambayo sindano yake huhisi nguvu kati ya ncha yake na atomu za juu ya uso.

Sindano hiyo imefungwa kwenye mwisho wa ulimi mwembamba wa silikoni, wenye urefu wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ncha yake huwa na nusu kipenyo cha takribani nanometa 20 au 30. Mwanga wa leza humulika mgongo wa ulimi na kurudi kwenye kipokezi. Ulimi ukipanda au ukishuka hata kidogo, doa la mwanga husogea, na mashine huandika umbali huo. Ni kama mtu asiyeona anayesoma maandishi ya nukta nundu: kidole kinapita, kila nundu inakiinua, na ubongo unatambua herufi.

Ili kusoma polaraizesheni, ncha hupakwa metali na kutiwa umeme mdogo unaobadilika upande maelfu ya mara kwa sekunde. Maada ya feroelektriki pia ni piezoelektriki, kwa hiyo utando ulio chini ya ncha huvimba na kunywea kwa kufuata umeme huo. Domeini iliyoelekea upande mmoja huvimba umeme unapokuwa chanya, na iliyoelekea upande wa pili hunywea wakati huohuo. Mwendo wenyewe hupimwa kwa pikometa, na pikometa 1,000 ndizo nanometa moja. Hata hivyo, mashine ikiujua mdundo wa umeme iliouingiza, inaweza kuutafuta mdundo uleule katika mwendo wa ulimi na kuacha kelele nyingine zote. Hivyo inachora ramani: hapa juu, hapa chini, na hapa kati mwendo umetoweka, yaani ni ukuta.

Mwaka 1992 P. Güthner na K. Dransfeld wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walionyesha kwamba sindano ya aina hii inaweza kuugeuza mwelekeo wa umeme mahali padogo kwenye plastiki ya feroelektriki, kisha ikausoma. Hapo ndipo kidole kinachosoma kilipokuwa pia kalamu.

Sindano inavyoandika

Tofauti kati ya kusoma na kuandika ni kiasi cha umeme. Kila utando una kizingiti chake. Chini ya kizingiti hicho umeme wa sindano huutikisa tu, na ukizidi hapo hugeuza mwelekeo. Tuchukue volti 5 kwenye utando wenye unene wa nanometa 50. Volti 5 zinaonekana kuwa kidogo, sawa na chaja ya kawaida ya simu. Lakini kwa kuwa umbali ni mfupi mno, uga wa umeme ndani ya utando hufikia volti milioni 100 kwa mita. Hewa hupasuka na kutoa cheche kwenye takribani volti milioni 3 kwa mita. Kwa hiyo chini ya ncha ile kuna uga wenye nguvu mara 30 zaidi ya unaohitajika kutoa cheche hewani.

Kugeuka kwenyewe hufuata hatua tatu. Kwanza, mbegu ndogo ya domeini mpya huzaliwa chini kabisa ya ncha, mahali uga ulipo mkali zaidi. Pili, mbegu hiyo hurefuka kuelekea chini mpaka iguse tabaka la chini la utando. Tatu, hupanuka pembeni kama doa la mafuta kwenye karatasi. Upanuzi huu haukomi ghafla, ila huzidi kuwa wa polepole, kwa sababu uga wa sindano hupungua kadiri unavyokwenda mbali na ncha. Kuta za domeini nazo hunasa kwenye kasoro za fuwele. Volti zikiongezwa, doa huwa pana zaidi. Muda ukiongezwa, doa hupanuka pia, lakini kila nyongeza ndogo hudai muda mrefu zaidi.

Kuna jambo linalohitaji kuzingatiwa hapa. Domeini iliyoandikwa kwa haraka mno, ikawa ndogo kuliko kiasi fulani au ikakosa kufika chini ya utando, mara nyingi haidumu. Umeme ukiondolewa, gharama ya ukuta wake huishinda, na vyumba vilivyogeuzwa hurudia mwelekeo wa jirani zao. Inayofika chini na kupata upana wa kutosha ina nafasi kubwa ya kudumu.

Volti si mwandishi pekee. Kwenye hewa ya kawaida utando mwembamba wa maji hukaa juu ya kila uso, nao husambaza chaji kuzunguka ncha, ndiyo maana sindano ileile inaweza kuandika doa pana zaidi kwenye hewa yenye unyevu kuliko kwenye hewa kavu. Mwendo wa sindano nao una sehemu yake. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba katika utando wa bismathi feraiti, upande ambao sindano inaburutwa unaweza kuchagua mwelekeo wa polaraizesheni ulio sambamba na uso. Hata kusukuma peke yake kunatosha. Mwaka 2012 kundi lingine lilionyesha kwamba sindano isiyo na volti yoyote, ikikandamiza utando mwembamba sana wa bariamu titaneti, inaweza kuugeuza mwelekeo wake kwa sababu ya namna utando unavyopinda chini ya ncha.

Kwa hiyo mwenye hoja ya "ukweli ni wa mwenye mashine" anaweza kusimama na kusema: mnaona? Volti, muda, unyevu, mwendo, mkandamizo, vyote vya mpimaji, vyote vinaingia kwenye picha. Picha hiyo ni ya utando au ni ya sindano?

Alama ya uongo

Hoja hiyo ina nguvu zaidi ya hapo, na haifai kuificha. Sindano inaweza kuandika alama ambayo si polaraizesheni kabisa. Ukiugusa kwa volti utando wa maada ya kawaida isiyo feroelektriki, chaji zinaweza kumwagika kutoka kwenye ncha na kunasa juu ya uso au karibu nao. Ukirudi kusoma, chaji hizo huuvuta au kuusukuma ulimi kwa mdundo uleule wa umeme unaosomea. Mashine huonyesha maeneo mawili yenye rangi tofauti, mazuri, yenye mipaka iliyo wazi, kana kwamba ni domeini. Mtafiti mwenye haraka angetangaza kwamba amegundua maada mpya ya feroelektriki, kumbe ameona chaji alizozimwaga mwenyewe.

Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya 2011, watafiti walipotangaza kwamba oksidi ya hafni, ambayo viwanda vya vifaa vya elektroniki vilikuwa tayari vinaitumia kama kizuizi cha umeme, inaweza kuwa feroelektriki ikitengenezwa kuwa utando mwembamba kwa namna fulani. Katika tando nyembamba namna hii ishara ya kweli ni ndogo, na ya uongo ni rahisi kutokea. Je, wanasayansi walikata tamaa na kusema kila maabara ina ukweli wake? Hapana. Walijifunza kuuliza maswali zaidi.

Wanangoja, kisha wanasoma tena, kwa sababu chaji iliyomwagwa juu mara nyingi hufifia kadiri saa zinavyopita. Wanapitisha sindano iliyounganishwa na ardhi ili iondoe chaji za juu, kisha wanaangalia kama alama imebaki. Wanabadilisha kidogo volti ya kusomea: ishara inayotokana na chaji hubadilika pamoja nayo, lakini ya piezoelektriki haiifuati kwa namna hiyo. Zaidi ya yote, wanaiacha sindano na kutumia njia isiyofanana nayo. Wanapima mkondo wa umeme unaotoka wakati mwelekeo unageuka kwenye kapasita, na wanaangalia kwa miali ya eksirei au kwa hadubini ya elektroni kama mpangilio wa atomu ni wa aina inayoruhusu polaraizesheni. Njia hizo zina udhaifu pia, lakini si udhaifu uleule. Zikikubaliana, ni vigumu kudai kwamba sindano ndiyo iliyotunga habari.

Falsafa inasema nini

Immanuel Kant, katika kitabu chake kikubwa cha 1781, alifundisha kwamba tunavijua vitu kama vinavyotutokea, vikiwa vimepangwa na akili yetu, na si kama vilivyo vyenyewe. Karne kadhaa kabla yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa tayari amekiri kwamba anayejua hupokea kwa namna yake mwenyewe. Lakini Tomaso hakutoka hapo na kuhitimisha kwamba hatuvijui vitu vyenyewe. Nadhani sindano yetu inatusaidia kuona kwa nini hakuhitimisha hivyo.

Aristotle alitofautisha kati ya kile ambacho kitu kiko sasa na kile ambacho kinaweza kuwa. Mbegu ya mhindi si mhindi bado, lakini inaweza kuwa mhindi, na haiwezi kuwa mwembe. Sasa tazama sindano. Ikiigusa kwatzi kwa volti zilezile, kwatzi hutikisika na kurudi. Hakuna domeini inayoandikwa, kwa sababu katika kwatzi hakuna uwezo wa kugeuka. Ikiigusa bariamu titaneti, mwelekeo hugeuka na kubaki. Ikichemshwa kupita nyuzi 120, bariamu titaneti hiyohiyo hupoteza kumbukumbu yake. Sindano haikuumba tofauti hizo. Ilichofanya ni kukitoa kwenye tendo kile kilichokuwemo katika uwezo. Mpimaji anachagua swali, lakini hachagui jibu.

Kwa hiyo kuna sentensi mbili zinazofanana kwa sauti lakini si kwa maana. Ya kwanza ni "kupima hubadilisha kinachopimwa", nayo mara nyingi ni kweli. Ya pili ni "kupima huumba kinachopimwa", nayo haitokani na ile ya kwanza. Ukweli ni kwamba ili tuweze hata kusema sindano imebadilisha kitu, lazima tuwe tunajua kitu kuhusu hali yake ya kabla na ya baada. Anayesema kila kitu ni cha sindano amejinyima haki ya kusema kwamba sindano imebadilisha chochote.

Nitahadharishe pia kuhusu kosa linalopendwa sana siku hizi, la kusema kwamba fizikia imethibitisha kuwa mawazo ya mtazamaji huumba ulimwengu. Kwenye sindano hii hakuna fumbo la namna hiyo. Kinachogeuza domeini ni uga wa umeme na mkandamizo, ambavyo hupimika, huhesabika na hupunguzwa. Mtafiti akilala na mashine ikaendelea peke yake, domeini zitageuka vilevile.

Turudi Kahama. Mpimaji makini wa dhahabu naye ana desturi inayofanana na hiyo. Katikati ya sampuli zake huweka sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana tayari, huweka nyingine ambayo haina dhahabu, na huipima sampuli ileile mara mbili. Akipenda kuwa na hakika zaidi, hupeleka nusu kwenye maabara nyingine. Desturi hizo zisingekuwa na maana yoyote kama ndani ya mchanga hakuna kiasi kinachongoja kujulikana. Wapimaji wawili wanapopingana, upinzani wao wenyewe ni ushahidi kwamba wote wanasema juu ya kitu kimoja. Jibu la haki, basi, si kumwamini mwenye nguvu wala kuwadharau wote. Ni kuuliza: sampuli ilichukuliwaje, chombo kilipimwa kwa nini, na nani mwingine amerudia? Maswali hayo hata mwananchi wa kawaida ana haki ya kuyauliza. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake *Fides et Ratio* wa 1998, aliitetea akili ya mwanadamu kuwa ina uwezo wa kuufikia ukweli. Utetezi huo si anasa ya wasomi. Ukweli ukiwa ni wa mwenye mashine tu, maskini asiye na mashine hana pa kushtaki.

Kwa wachungaji na wanaojiandaa

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutakuwa sindano za namna fulani. Padre anapoingia katika nyumba ya muumini na kuuliza habari za familia, kuingia kwake tayari kumebadilisha mazungumzo. Viti vimepangwa, watoto wamenyamazishwa, na jibu limevaa nguo za Jumapili. Katekista akiwauliza wanafunzi wake kama wameelewa, kwa sauti ya kuonyesha kwamba anataka kusikia "ndiyo", atasikia "ndiyo". Mara nyingine tunachokisoma ni chaji tulizozimwaga wenyewe juu ya uso.

Haifuati kwamba tusiulize. Tunaweza kufanya kama watafiti wale. Tunaposoma, tutumie volti ndogo: swali la upole lisilobeba jibu ndani yake. Tungoje, kisha turudi baada ya majuma kadhaa tuone kama jibu limebaki. Tusikilize kwa njia nyingine pia, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, shambani, msibani, mahali ambapo hatukuja na kalamu mkononi. Na utakapofika wakati wa kuandika, yaani wa kufundisha na kulea, tukumbuke kwamba alama ya haraka isiyofika chini haidumu. Jirani zake huirudisha ilikokuwa.

Zaidi ya hayo, tumwamini mtu aliye mbele yetu kwamba ana ukweli wake wa ndani ambao hatukuuumba sisi. Mungu alikuwa amefika kwake kabla yetu.